Tipa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua gari na kufunga bodi

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki kutoka kwa watu wanaotaka kuingiza tipa kazini, yaani lori ambalo bodi yake (sanduku la mzigo) hunyanyuka kumwaga: mchanga, kokoto, kifusi, moramu (udongo wa changarawe). Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Jibu likishatolewa mahali pengine, tunakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mzigo kwanza

Nina pesa ya gari. Nianze kuangalia gari lipi?

Usianze na gari. Anza na mzigo, halafu njia, halafu mtu atakayekupakilia. Gari linafuata baada ya hapo.

Tipa linalotoa kokoto Lugoba linakula zaidi ya kilomita 100 za lami mpaka mjini, na njiani kuna mizani ya Vigwaza. Hilo linataka gari jepesi lenyewe, gia ndefu na matairi ya barabarani. Tipa linalochukua mchanga machimbo ya Mkuranga au Kisarawe lina lami fupi, lakini mita mia chache za mwisho ni mchanga laini, na masika ni tope. Hilo linataka difu mbili zinazovuta, yaani ekseli zote mbili za nyuma zisukume gari. Tipa la kifusi linalozunguka Tabata, Kinondoni na Mbagala linaishi kwenye foleni, na linachomaliza ni klachi na breki. Hayo ni magari matatu tofauti, na mtu anayenunua moja kwa ajili ya kazi zote tatu huishia na gari linalolalamika kila mahali.

La upakiaji husahaulika. Kama machimbo yana kijiko (mashine ya kuchimba na kupakia), kimo cha bodi si tatizo. Kama ni vijana wa koleo, kila sentimita unayoongeza kwenye ubao wa pembeni inawaongezea muda na wewe bei.

Tipa langu litabeba mita ngapi za mchanga?

Swali hili lina majibu mawili, na watu wengi hujiuliza moja tu. La kwanza ni ujazo: bodi ya ndani yenye urefu wa mita 5.2, upana 2.3 na kimo 1.5 ni karibu mita 18 za ujazo. La pili ni uzito, na hilo ndilo linalovunja springi.

Mchanga mkavu una uzito wa tani 1.5 hadi 1.6 kwa mita moja ya ujazo. Ukinyeshewa unafika tani 1.8 hadi 2. Kokoto zinazunguka tani 1.5, kutegemea jiwe na ukubwa wake. Moramu iliyolowa inakaribia mchanga mbichi. Kwa hiyo mita 18 za mchanga uliotoka kunyeshewa ni zaidi ya tani 32 za mzigo peke yake, kabla hujahesabu gari.

Sheria inaruhusu tani ngapi?

Tanzania inafuata Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kusimamiwa hapa nchini mwaka 2019. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8. Ekseli moja yenye tairi mbili mbili ni tani 10. Ekseli mbili za nyuma zilizokaa pamoja zenye tairi mbili mbili ni tani 18. Tatu pamoja ni tani 24. Kikomo cha juu kabisa kwa gari zima na trela zake ni tani 56, na kila gari la kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupimwa.

Chukua tipa la tairi kumi: 8 na 18 ni tani 26. Gari lenyewe likiwa na bodi ya chuma, jeki ya kuinyanyulia, mafuta na dereva ni kama tani 12. Kinachobaki ni tani 14. Kwa mchanga mbichi hizo ni mita 7 hadi 8, na kwa kokoto kama mita 9.

Mbona mtaani matipa ya mita 18 yamejaa?

Kwa sababu mteja wa Dar ananunua tripu kwa ujazo, na anayepeleka mita nyingi kwa tripu moja ndiye anayepigiwa simu tena. Njia nyingi za ndani ya jiji hazina mizani. Hilo halibadilishi chochote kwenye chuma. Gari lililotengenezwa kubeba uzito fulani likibebeshwa maradufu, bili inakuja kwa jina lingine: majani ya springi, yubolti (bolti za umbo la U), beringi za magurudumu, matairi yanayopasuka Kimara mchana wa jua, nyufa kwenye chasisi nyuma ya kabini.

Msimamo wetu ni kufunga bodi ya mita 10 hadi 12 kwenye gari la tairi kumi. Ukipakia kokoto, unasimamia mstari uliochorwa ndani ya bodi, kama kwa mita 9, na mchanga mbichi chini ya hapo. Ukipakia kitu chepesi kama taka za ujenzi zenye mbao na matofali yaliyovunjika, nafasi iliyobaki juu inakusaidia. Bodi ya mita 18 ikishakuwepo utaijaza tu. Hakuna dereva anayeweza kumwambia mteja kwamba nafasi imeachwa makusudi.

## Kuchagua gari

Fuso, Scania au Howo?

Kila moja lina mahali pake, na anayekwambia moja linashinda yote ana gari la kuuza.

Fuso ya tairi sita ni gari la mitaa. Inaingia Manzese, Vingunguti na Mbagala Kuu mahali ambapo gari la tairi kumi linakwama kwenye kona. Inanunuliwa na mjenzi wa nyumba moja anayeongeza mchanga kidogo kidogo. Spea zake zimetapakaa Gerezani na Ilala.

Howo ya tairi kumi, hasa ile ya nguvu za farasi 371, ilitengenezwa ikiwa tipa tangu kiwandani. Chasisi nene, springi nyingi, ekseli nzito, na kwa kawaida inakuja na matairi ya 12.00R20 yenye mpira wa ndani, ambayo fundi wa pancha yeyote barabara ya Kilwa anayajua. Ubaya wake ni uzito wake yenyewe. Kwa safari ndefu za mizani, kila tani ya gari ni tani ya mzigo iliyopotea.

Scania za mfululizo wa 94, 114 na 124 (namba za mwanzo zinaonyesha lita za injini: 9, 11 na 12) zimezeeka, lakini mafundi wake wapo kila kona na injini ikitunzwa inadumu. Tatizo si injini. Tatizo ni kwamba nyingi zilizoingia nchini ni vichwa vya kuvuta trela, na hilo lina jibu lake hapo chini.

Watu husahau matipa ya Japani ya tairi kumi: Super Great, Profia, Giga, Quon. Yanakuja yakiwa matipa kamili ya kiwandani. Bodi yake ya kawaida ni kama mita 5.1 kwa 2.2, kimo nusu mita na ushei, yaani mita 6 hivi za ujazo, kwa sababu kule tipa la namna hiyo hubeba kama tani 10. Wanunuzi wa hapa huliona dogo na kukimbilia kuongeza mbao za pembeni. Ukiongeza, ongeza kwa hesabu ya swali la pili, si kwa jicho.

Tairi sita, tairi kumi au tairi kumi na mbili: tofauti iko wapi hasa?

Hesabu matairi, halafu uliza ni ekseli ngapi zinavuta. Hapo ndipo watu wanaliwa. Gari la tairi kumi linaweza kuwa na difu mbili zinazovuta, au difu moja na ekseli moja ya kusindikiza tu. Kwa mtazamo wa pembeni yanafanana. Likiingia mchanga wa Mkuranga utajua ulinunua lipi, maana la difu moja linachimba shimo na kukaa.

Kwa machimbo, chagua difu mbili zenye kifungio cha difu kinachofanya kazi. Kijaribu kabla ya kulipa, tena kwenye udongo. Gari la tairi kumi na mbili lenye ekseli mbili za usukani hutulia zaidi wakati wa kumwaga na hubeba zaidi kihalali, ila linahitaji uwanja mpana wa kugeuzia. Kwa kazi ya miradi ya barabara ni zuri. Kwa kiwanja cha mtu Goba ndani ndani, dereva atakuchukia.

Naweza kununua kichwa cha Scania na kukigeuza tipa?

Unaweza, na wengi wamefanya. Lakini jua unachokinunua.

Kwanza, vichwa vingi vya Uingereza vina difu moja na ekseli ya kunyanyuka. Hiyo ekseli mara nyingi ina tairi moja moja, na ekseli ya namna hiyo hupewa kiwango cha chini mizani kuliko yenye tairi mbili mbili. Pili, chasisi ya kichwa ni fupi. Bodi ya mita 5 haikai bila kukata chasisi na kuirefusha. Chasisi za malori haya ni chuma cha nguvu ya juu, na welda akikichoma ovyo analainisha pale pale panapobeba mzigo mkubwa zaidi. Kiungo kinatakiwa kiwe cha mshazari au cha ngazi, kiwekewe chuma cha ndani kinachopita mbali pande zote mbili, na kisiangukie mwisho wa sabufremu (fremu inayokaa kati ya chasisi na bodi) wala kwenye kikalio cha springi. Propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, nayo inarefushwa na kusawazishwa mzunguko wake, la sivyo itakula beringi ya katikati.

Ukijumlisha hayo yote, mara nyingi gari lenye chasisi ndefu tangu mwanzo linakuwa rahisi zaidi. Uingereza matipa mengi ni ya ekseli nne, tani 32 jumla, usukani kulia kama wetu. Mengine yana bodi za aluminiamu zilizokuwa zikibeba lami ya moto. Hizo ni nyepesi na nzuri kwa mchanga, lakini mawe makubwa ya kudondoshwa na kijiko yataibonyeza.

Gari lenye springi za hewa lina shida gani kwenye tipa?

Kwenye lami halina. Shida inakuja wakati wa kumwaga. Bodi ikipanda, mfuko wa hewa upande mmoja ukibonyea kidogo, gari linaegemea huko, na mzigo unafuata. Kama una springi za hewa, dereva lazima atoe hewa gari lishuke kwenye vizuizi vyake kabla ya kunyanyua bodi. Kuna valvu za kufanya hivyo zenyewe PTO (kifaa kinachoendesha pampu ya jeki) ikiingia, na ni vyema ifungwe badala ya kutegemea kumbukumbu ya dereva. Kwa machimbo, springi za majani bado ndizo tunazopendekeza.

Gari lililotumika nilikague wapi zaidi?

Injini kila mtu anaikagua, kwa hiyo sitaizungumzia sana. Lala chini ya gari. Magari ya Uingereza yametembea miaka kwenye barabara zinazomwagwa chumvi majira ya baridi, na kutu hujificha katikati ya mabati mawili ya chasisi, ikiyatanua taratibu. Ukiona chasisi ina tumbo kati ya riveti na riveti, ondoka. Yale ya Japani yaliyokaa mikoa ya theluji nayo ni hivyo hivyo.

Halafu angalia nyuma ya kabini na kwenye vikalio vya springi za nyuma kama kuna nyufa au rangi mpya ya sehemu moja tu. Rangi mpya ya kipande ni swali linalotaka jibu. Kwa tipa lililokuja na jeki, nyanyua bodi mpaka mwisho, zima injini, iache kwa muda. Ikishuka yenyewe, tazama swali la bodi kushuka.

Matairi gani?

Nyuma, tairi lenye meno makubwa kwa machimbo. Mbele, tairi la barabara lenye mistari, ili usukani usitangetange. Gari la kokoto za Lugoba liweke ya barabara pande zote. Usichanganye tairi jipya na lililoisha kwenye jozi moja: lile kubwa litabeba mzigo wa wote wawili na litapasuka kwanza. Na kati ya jozi hiyo, utingo atoe jiwe kila baada ya machimbo.

## Bodi

Bati la unene gani?

Hapa watu hufikiri unene ni heshima. Tufanye hesabu. Bati la chuma la milimita 1 ni kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mita 5.2 kwa 2.3 ni kama mita 12 za mraba, kwa hiyo kila milimita unayoongeza sakafuni ni karibu kilo 94. Ubavu mbili za kimo cha mita moja ni kilo 80 na ushei kwa kila milimita. Fundi akikutoa sakafu 5 mpaka 10 na ubavu 4 mpaka 8, umeshabeba karibu kilo 800 za chuma ambazo mteja hakulipi, kila tripu, kwenda na kurudi.

Kwa mchanga na kifusi laini: sakafu milimita 5 au 6, ubavu 4. Kwa kokoto: sakafu 6, ubavu 4 au 5. Kwa mawe ya kupasua yanayodondoshwa na kijiko: sakafu 8, ubavu 6, na mihimili ya chini iwe karibu karibu. Hayo ni kwa chuma cha kawaida. Ukipata bati gumu la kustahimili msuguano, lile la daraja la 450, unaweza kushuka milimita moja au mbili na bado likadumu zaidi. Ni ghali na linataka waya wa kuchomea unaolifaa. Usimpe fundi anayejifunzia kwako.

Bodi ya kona au ya duara?

Ya duara chini inamwaga tope na mchanga mbichi vizuri zaidi kwa kuwa hakuna kona ya kushikia, na haihitaji nguzo nyingi za ubavuni, hivyo ni nyepesi. Ya kona ni rahisi kutengeneza na kuziba kiraka. Kama hujui fundi anayekunja bati zito kwa mashine, chagua ya kona, na uombe pembe za chini zizibwe kwa bati la mshazari.

Bawaba ya nyuma ikae wapi?

Karibu na ekseli za nyuma kadiri inavyowezekana. Bodi ikinyanyuka, uzito wote unahamia kwenye bawaba. Ikiwa imetokeza nyuma sana, inakuwa mshikio wa kuinua pua ya gari: usukani unakuwa mwepesi, na siku mchanga ukiganda mlangoni gari linasimama kwa matairi ya nyuma. Mafundi wengine hutokeza bawaba ili mzigo umwagike mbali na matairi. Afadhali dereva asogee mbele kidogo wakati anamwaga.

Uzito wa mbele nao una hesabu yake. Bodi ikikaa nyuma sana, ekseli ya usukani inabaki na tani 5 na nyuma kunazidi 18. Utapigwa faini mizani hata kama jumla haijafika 26.

Sabufremu ni ya lazima? Si naweza kufunga bodi moja kwa moja kwenye chasisi?

Ni ya lazima. Chasisi ya lori imetengenezwa ili ijikunje kidogo kwenye mashimo. Bodi ngumu ikifungwa juu yake bila sabufremu inazuia mkunjo huo mahali pamoja, na ufa utatokea hapo hapo.

Mambo ambayo fundi asikubishie. Ncha ya mbele ya sabufremu ikatwe mshazari, isiishe kwa kona kali. Mbele ifungwe kwa bolti zenye springi au yubolti zinazoruhusu mchezo kidogo, nyuma kwa bamba zisizocheza. Matundu yatobolewe kwenye ubavu wa chasisi tu. Mbawa zake, yaani kingo zilizokunjwa za juu na za chini, haziguswi. Pakiwekwa yubolti, ndani ya chasisi pawekwe kipande cha kuzuia mbawa zisibanane. Na bolti zikazwe upya baada ya wiki ya kwanza ya kazi, kwa sababu zitalegea.

Kuhusu kuchomea: kabla ya welda kugusa gari lenye kompyuta, toa vichwa vya betri, chomoa kompyuta ya injini na ya breki, na nyaya ya ardhi ibanwe jirani kabisa na anapochomea. Kompyuta iliyoungua kwa sababu ya dakika mbili za kuchomea ni hasara ya kijinga.

Mlango wa nyuma na turubai

Mlango unaoning'inia juu na kufungwa chini kwa komeo za hewa ndio unaofaa mchanga na kokoto. Uwekewe mnyororo wa kuuzuia usifunguke wote kama unataka kutandaza moramu barabarani badala ya kuirundika. Kwa mawe makubwa, mlango huu hubana. Hapo afadhali ufunguke pembeni.

Turubai lisiwe la kuombea trafiki tu. Kokoto moja inayodondoka barabara ya Morogoro kwenye kioo cha gari la nyuma inakugharimu kuliko turubai la umeme.

## Jeki na haidroliki

Jeki ya mbele au ya chini?

Ya mbele, ile ya mirija inayochomoka mmoja baada ya mwingine, ni nyepesi, inanyanyua kwa nguvu ndogo kwa sababu iko mbali na bawaba, na inafaa bodi ndefu. Ya chini, yenye mikono kama mkasi, inaacha nafasi yote nyuma ya kabini na inatulia vizuri kwa bodi fupi. Fuso: ya chini. Tairi kumi na zaidi: ya mbele. Usinunue jeki kwa urefu peke yake. Angalia uzito inaonyanyua kwa shinikizo la pampu yako, na uhakikishe bodi inafika nyuzi 45 hadi 50. Mchanga mkavu hujilalia kwa nyuzi 34 hivi, kwa hiyo bodi isiyofika 40 itakuachia sehemu ya mzigo ndani wakati wa mvua.

PTO ni nini na kwa nini pampu zinakufa mapema?

PTO ni kifaa kinachochukua nguvu kutoka gia boksi na kuendesha pampu ya jeki. Kanyaga klachi, subiri gia zitulie, ingiza PTO, achia klachi taratibu, injini ikae kama mizunguko 1,000 hadi 1,200. Ukimaliza, toa.

Sababu kubwa ya pampu kufa ni dereva kuondoka na PTO ikiwa ndani. Pampu inazunguka kwa kasi ya barabarani, mafuta yanachemka, na ukifika mbali sili zimeisha. Funga taa nyekundu na kengele kabini. Hiyo hiyo iunganishwe na bodi, ili dereva asiondoke bodi ikiwa juu. Kabla ya kununua pampu, angalia inazunguka upande upi. Ikifungwa kinyume itaungua siku ya kwanza.

Mafuta gani, kiasi gani?

Mafuta ya haidroliki ya namba 46 au 68 kwa joto la Dar. Tangi liwe na ujazo wa jeki nzima ikiwa juu, pamoja na sehemu ya tano zaidi. Pima kiwango bodi ikiwa chini. Kichujio kibadilishwe mapema mara ya kwanza, kwani vumbi la kuchomea hubaki ndani ya mabomba hata fundi aapeje.

Bodi inapanda polepole, au inashuka yenyewe. Kwa nini?

Ikipanda polepole au kwa kutetemeka, angalia mafuta, kichujio, na bomba la kunyonya lililolegea na kuingiza hewa. Ikishindwa kabisa na mzigo lakini ikapanda tupu, ni pampu iliyochoka au valvu ya usalama iliyolegea. Usiikaze valvu hiyo kwa kukisia: ndiyo inayoilinda jeki isipasuke.

Ikishuka yenyewe injini ikiwa imezimwa, ni valvu ya kushushia au sili. Na hapa hakuna mjadala: mtu asiingie chini ya bodi iliyonyanyuliwa bila nguzo ya chuma kuwekwa, hata kama ni kwa ajili ya kukaza nati moja. Jeki si nguzo. Kila bodi mpya itoke kwa fundi ikiwa na nguzo yake imening'inizwa kwenye sabufremu.

## Karatasi

Nahitaji karatasi zipi?

Gari likiagizwa nje linakaguliwa ubora na TBS, na TRA wanatoza kodi na kulisajili. VAT ni asilimia 18, juu yake kuna kodi nyingine. Kikokotoo cha TRA mtandaoni kinakupa makadirio kabla hujatuma pesa nje. Ukibadili kichwa kuwa tipa, kadi ya gari ibadilishwe isomeke tipa na uzito mpya. Bima ikikuta kadi inasema kichwa na gari ni tipa, watakuuliza maswali siku ya ajali.

Leseni ya usafirishaji ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Dereva awe na leseni daraja E. Mwendo kwa gari la zaidi ya tani 3.5 ni kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, 50 ndani ya makazi.

Mchanga nao una kibali?

Ndiyo. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mchanga, kokoto na moramu ni madini ya ujenzi, na yapo chini ya Tume ya Madini. Anayechimba anatakiwa awe na leseni na alipe mrabaha. Chukua risiti machimboni kila tripu. Mchanga wa bonde la mto unaouzwa usiku kwa bei ya kutupa una sababu ya kuuzwa usiku, na gari linalokamatwa ni lako.

## Yanayomkuta mtu mmoja mmoja

Mchanga umelowa na umegoma kushuka, bodi ikiwa juu. Nifanye nini?

Usipige breki za ghafla mbele na nyuma. Huo mchezo ndio unaolaza magari, na ndio unaokunja jeki. Shusha bodi, punguza mzigo wa nyuma kwa koleo, nyanyua tena. Kama hili linakutokea kila masika, angalia nyuzi za bodi, na kutu ya sakafuni inayoukamata mchanga.

Kiwanja cha mteja kina mteremko wa pembeni. Nimwage?

Hapana. Mwage barabarani au mahali tambarare, hata mteja akikasirika. Gari likiinama pembeni bodi ikiwa juu, uzito unapita nje ya matairi na hakuna dereva awezaye kulirudisha. Kifusi kipya kilichojazwa jana nacho si tambarare: tairi moja la nyuma likizama, matokeo ni yale yale.

Kabla ya kunyanyua, angalia juu. Bodi ya mita 5.2 iliyofika nyuzi 48 ncha yake ya mbele inapanda karibu mita 6. Nyaya za TANESCO mitaani mara nyingi ziko hapo hapo. Ikishika waya, dereva abaki kabini na watu wakae mbali mpaka umeme ukatwe.

Naweza kutumia bodi moja kwa mchanga na kwa taka za dampo la Pugu Kinyamwezi?

Inawezekana, lakini maji ya taka yanakula chuma kuliko kokoto. Osha siku hiyo hiyo, na mteja wa mchanga wa plasta asikute vipande vya nailoni ndani. Wenye kazi nyingi ya dampo ni bora wawe na gari lake.

Kwa kokoto za Lugoba, je, trela la kumwaga si bora kuliko tipa la tairi kumi?

Kwa umbali ule na mizani ile, mara nyingi ndiyo. Kichwa cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu kinaruhusiwa 8, 18 na 24, yaani tani 50. Ukitoa uzito wa gari unabaki na mzigo unaozidi mara mbili ya ule wa tipa la tairi kumi, kwa dereva mmoja. Hapo ndipo kile kichwa cha Scania kina kazi yake bila kukatwa, mradi kina difu mbili.

Lakini trela la kumwaga ni refu na linaanguka kirahisi likinyanyuliwa. Kichwa na trela lazima visimame kwenye mstari mmoja ulionyooka, ardhi ngumu. Linafaa kupeleka kokoto kwenye yadi ya zege au kiwanda cha matofali. Mteja wa kiwanja kimoja Madale bado atahitaji Fuso.